Kibanda cha steji na watu wanaosimama nyuma yake

Kuna steji moja kusini ya mji wa Malindi, upande wa wanaoelekea Mombasa, yenye kibanda cha abiria kinachopendeza macho: nguzo nne za chuma, ukuta wa mabati nyuma, paa la buluu, benchi la mabomba. Pita pale saa tisa alasiri. Benchi ni tupu. Abiria wote wako nyuma ya kibanda, wamejipanga kwenye ukanda wa kivuli wa hatua mbili, na kila baada ya dakika mmoja wao anachungulia pembeni kuona kama matatu inakuja.

Mimi nachora ramani za nyumba, ndiyo riziki yangu, na nilipita hapo miaka bila kuliona jambo lile. Siku niliyokaa kwenye benchi, mama mmoja mwenye kikapu cha maembe aliniita kutoka nyuma: “Toka hapo, mwanangu. Hapo si pa kukaa, hapo ni pa kuiva.”

Tangu siku hiyo nimebishana na mafundi, na wachoraji wenzangu, na jamaa zangu wa Lamu kuhusu vitu hivi vidogo vya kando ya njia: vibanda, mabenchi, mitaro, mahali pa maji. Hoja ninazopewa ni zilezile.

“Usanifu ni majumba. Kibanda ni kazi ya welda.”

Mwaka 1924 Uingereza iliwashindanisha wasanifu kubuni kibanda cha simu. Aliyeshinda ni Giles Gilbert Scott, ambaye wakati huohuo alikuwa akijenga kanisa kuu la Liverpool. Kile kibanda chekundu ambacho ulimwengu mzima unakijua kina paa la kuba, na kuba lenyewe linafanana na lile la kaburi ambalo msanifu John Soane alilibuni kwa ajili ya mkewe. Mtu wa kanisa kuu hakuona haya kukaa na penseli juu ya kitu cha kuingia mtu mmoja.

Karibu zaidi na zama zetu, kijiji cha Krumbach huko Austria, chenye wakazi kama elfu moja, kiliwaita wasanifu saba kutoka nchi mbalimbali wakibunie vituo saba vya basi. Vilikamilika mwaka 2014. Malipo ya wasanifu yalikuwa likizo kijijini hapo, na waliojenga ni mafundi wa palepale.

Lakini mfano huo nautaja kwa tahadhari. Kituo alichobuni Sou Fujimoto ni msitu wa fito nyembamba za chuma na ngazi inayopanda kati yake. Kinapigwa picha sana, na hakina paa. Krumbach wanaweza kukimudu. Ukikileta Malindi mama wa maembe atakuwa na neno jipya la kuniambia. Kitu kuwa cha ajabu hakukifanyi kiwe kimefikiriwa.

“Paa ni paa. Ukishaezeka, kivuli kitakuja chenyewe.”

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, na hesabu yake si ngumu.

Malindi iko nyuzi 3 kusini ya ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini, na kwa dakika chache paa lolote linatoa kivuli chini yake kabisa. Fundi akija kukabidhi kazi saa sita na nusu, kila mtu anaridhika. Ila abiria hasafiri saa sita na nusu peke yake. Mwezi wa Machi, ikifika saa tisa alasiri, kivuli cha paa lenye kimo cha mita 3 kimeshasogea zaidi ya mita 2 kuelekea mashariki. Saa kumi kimesogea karibu mita 4. Sasa pima upana wa paa la steji yako. Kama ni mita moja na nusu, kivuli ulichokilipia kiko kwa jirani.

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi inaelekea takriban kusini kwa kaskazini, na Kenya tunaendesha kushoto. Kwa hiyo anayekwenda Mombasa anasubiri upande wa mashariki wa barabara, uso wake ukitazama magharibi. Asubuhi hana neno, ukuta wa nyuma unamkinga. Alasiri jua linamwingia usoni, chini ya paa, mpaka magotini. Anayeelekea Malindi yuko upande wa pili na mambo yake ni kinyume: asubuhi anachomwa, alasiri anapona.

Maana yake ni kwamba ramani moja haiwezi kufaa pande zote mbili za barabara. Na karibu kila mahali ni ramani moja, imenakiliwa na kugeuzwa tu kama kandambili.

Kisha kuna mvua. Masika yetu huja na kusi, kutoka baharini, na inanyesha kwa mshazari. Kibanda cha upande wa mashariki kimeipa bahari mgongo, kwa hiyo kinavumilia. Kile cha magharibi kimefungua mdomo kuelekea mawimbini. Nimeona watu watatu ndani ya kibanda wakiwa wamefungua miavuli.

Mchoro ninaoupendekeza mimi hauna maajabu. Ukuta mmoja wa mawe unaofuata barabara, wa kimo cha kifua kisha matofali ya matundu juu yake, baraza, yaani kiti cha mawe cha kujengewa ukutani, mbele na nyuma, na paa linalofunika zote mbili. Asubuhi kivuli cha ukuta kinaangukia upande mmoja, mnakaa hapo. Alasiri kinahamia upande wa pili, nanyi mnahama nacho. Matundu yanapitisha upepo, na yanakuruhusu kuiona matatu bila kunyoosha shingo. Wale watu wa nyuma ya kibanda wameshaubuni mchoro huu kwa miili yao. Kilichobaki ni kuwapa kiti huko walikokimbilia.

“Chuma hakifi.”

Ambaye amewahi kuwa na baiskeli Lamu hataisema hii. Hewa ya pwani imebeba chumvi. Bomba la benchi huanza kuliwa pale lilipochomelewa, kwa sababu rangi haikufika vizuri, na shimo la kwanza linatokea ndani usikoliona. Zege nalo halijapona: chumvi inapenya hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka kutoka ndani kwenda nje. Nguzo nyingi za kando ya bahari zinazoonekana kama zimegongwa na lori hazijagongwa na chochote. Tiba ni zege lililoshindiliwa vizuri na nondo zilizofichwa ndani zaidi, si rangi mpya kila kabla ya uchaguzi.

Sisemi turudi kukata matumbawe hai baharini kama walivyofanya wazee, samaki watazalia wapi. Mawe ya kuchimbwa nchi kavu yapo, chokaa ipo. Na kuna jambo ambalo orodha ya vifaa haina safu yake: jiwe lililoshinda kivulini, ukilikalia saa nane mchana, linakupoza. Bomba la chuma lililoshinda juani unalikumbuka hadi usiku.

“Weka kiti, utaleta wahuni.”

Hoja hii ndiyo iliyozaa vile vyuma vya kugawa benchi ili mtu asilale. Mhuni analala chini, hana shida. Anayeumia ni mzee anayetaka kujinyoosha kiuno na mama anayetafuta pa kumlaza mtoto.

Shangazi yangu anakaa Mkomani, Lamu. Mlango wake una daka, yaani kiukumbi cha kuingilia, na ndani ya daka baraza mbili za mawe, moja kila upande, kimo cha goti. Nilikaa pale siku moja kutwa nikihesabu shughuli za baraza ile badala ya kumsaidia kumenya nazi. Mchukuzi alikuja na gunia la mchele begani. Hakuinama: aligeuka, akarudi nyuma hatua moja, gunia likakaa juu ya jiwe, akapumua, ndipo akapiga hodi. Punda wawili walipita wamebeba mawe ya kujengea, na kwa kuwa kichochoro ni chembamba, wasichana wa madrasa waliruka barazani mpaka punda wakapita. Mzee mmoja aliketi kufunga ndara na akabaki nusu saa. Karibu na magharibi alikuja muuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe.

Watu hao wote walikalia mali ya mtu bila kuomba ruhusa, na hapakuwa na fujo. Kwa nini? Kwa sababu ukuta wa baraza ni ukuta wa nyumba, na nyuma ya mlango kuna shangazi. Nilimuuliza shangazi yule mzee ni nani. “Simjui,” akasema, “lakini namwona.”

Kibanda cha steji kinasimama peke yake, kimegeuzia mgongo duka, hakina anayekiona. Hapo ndipo uhuni unapoingia, si kwenye kiti. London ilikuwa na jawabu lake tangu mwaka 1875: vibanda vya kijani vya madereva wa magari ya farasi ya kukodi. Kwa kuwa vilisimama barabarani, havikuruhusiwa kuzidi ukubwa wa farasi na gari lake, na bado ndani yake paliingia jiko na mtu wa kupika. Vilijengwa 61 na 13 vingalipo. Sidhani vingefika leo bila yule mpishi. Steji ikipewa dirisha la kuuzia chai na mahamri, imepata shangazi.

(Vibanda vya bodaboda navyo vina mwenyewe, najua. Jina lake limeandikwa pande zote nne pamoja na picha. Lakini huyo hafagii.)

“Mtaro ni wa injinia.”

Maji ni yake, sawa. Kifuniko ni changu na chako. Vichochoro vya Lamu vina mifereji wazi pembeni, na mbele ya milango mingi kuna kipande cha jiwe cha kuvukia. Jiwe hilo likipanuliwa kidogo ni daraja, ni kizingiti, ni mahali pa kuweka ndoo. Malindi mitaro mipya ina vifuniko vya zege, lakini mara nyingi kimoja kimevunjika na kimoja kimeinuka, na mtu asiyeona vizuri anatembea katikati ya barabara pamoja na tuktuk kwa sababu huko angalau ni sawasawa.

“Haya ni mapambo ya kuwapendeza watalii.”

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo tumezoea kudhani kila kilichochongwa vizuri ni cha mgeni. Mgeni anapiga picha mlango wa nakshi. Baraza iliyo kando yake hajui hata ni ya nini.

Chukua maji ya kunywa. Kusabilia mtungi wa maji mlangoni, na kata juu yake, mpita njia anywe aende zake, hakukufundishwa na mtalii. Ulimwengu wa Kiislamu uliijengea tabia hiyo majumba kamili: chemchemi ya Sultani Ahmed wa Tatu mjini Istanbul, ya mwaka 1728, ina vidirisha kwenye pembe zake vya kuwapa watu maji bure, na imechongwa kama sanduku la vito. Huku kwetu birika, yaani matangi ya maji ya kujengwa, za misikiti na za nyumba za Lamu zilitiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini bakuli la kauri ili samaki wapate pa kujificha maji yakipungua. Mtu aliyemfikiria mbu, akamfikiria na samaki, leo mjukuu wake anaweka tangi la plastiki juani na kikombe cha mnyororo.

“Mawazo mazuri, pesa hazitoshi.”

Kugeuza kibanda kitazame kwingine ni shilingi ngapi?

“Mti uondoke kwanza, ndipo kazi ianze.”

Hii haisemwi kwa sauti, inafanywa tu. Kontrakta anakuja na ramani isiyoonyesha mti, kwa hiyo mti haupo, kwa hiyo unakatwa. Mwarobaini unamaliza miaka kabla haujatoa kivuli cha watu kumi, na kivuli chake ni kipana kuliko paa lolote la steji ninayoijua, hakipigi kelele mvua ikinyesha, wala hakitaki rangi. Ukiuchora kwanza ukazungushia baraza ya mawe, ukaacha udongo wazi shinani ili maji yaingie, umemaliza robo tatu ya kazi kabla ya kununua bati moja.

Pale steji ya kusini ya mji palikuwa na mwarobaini. Mama wa maembe ndiye aliyenionyesha: hatua tatu nyuma ya kibanda, kisiki kimekatwa sawasawa na msumeno wa mashine. Muuza chai amekitandikia gunia. Alasiri, ukanda wa kivuli wa yale mabati unakifikia kwa muda mfupi, na hapo ndipo anapokaa.