Jangwani, katikati ya kontua mbili

Nafundisha jiografia Kidato cha Tatu na cha Nne hapa Dar es Salaam, na kila mwaka wanafunzi wanataka ziara ya Mikumi. Sina ugomvi na Mikumi. Ila basi la kukodi ni pesa ya mzazi, na mara nyingi kinachorudi ni picha za simu pamoja na ripoti iliyonakiliwa kwa waliotangulia. Mto Msimbazi, tunakokwenda kupima mafuriko, tunaufikia kwa daladala.

Tunaanzia darasani, na ramani ya 1:50,000. Kila kundi linapewa uzi, linaulaza juu ya mto kuanzia vilima vya Pugu mpaka unapoingia baharini karibu na daraja la Selander. Uzi hutoka kama sentimita 70, na kwa kuwa sentimita 2 ni kilomita 1, mto una kilomita 35 hivi. Halafu kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Kule Pugu zimebanana, mteremko mkali. Ukishuka bondeni kuelekea maeneo ya Kigogo na Jangwani zinaachana, hadi unaitafuta moja huioni. Hapo nawauliza: mvua ikinyesha, nyumba ipi itaingia maji?

Ramani haijibu. Kontua zikipishana mita 20, uwanda mzima wa Jangwani unaweza kulala kati ya mistari miwili, na kinachomtoa mtu kitandani usiku ni maji ya magotini. Hilo pengo ndilo tunalokwenda kulipima. Darasa lisilojua linakosa taarifa gani, afadhali libaki shuleni.

Barua ya shule hutangulia kwa serikali ya mtaa. Tunakwenda siku kavu, na hakuna anayetia mguu mtoni, maana Msimbazi hupokea maji taka ya viwandani na majumbani.

Hojaji za wanafunzi huja na swali "Je, mafuriko yanakuathiri?" Nalifuta. Nani atasema hapana? Badala yake: "Shikamoo mama. Maji ya mara ya mwisho yalifika wapi?" Mama anaweka kiganja ukutani, na mara nyingi alama ya tope bado ipo. Futi kamba inatoka.

Ila kupima kutoka sakafuni kunadanganya. Watu wa bondeni wamekuwa wakiinua misingi na vizingiti, kila mmoja kwa uwezo wake, kwa hiyo sentimita 40 za nyumba hii si sawa na 40 za jirani. Tunaazima mbinu ya mafundi ujenzi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Ncha moja inashikiliwa kwenye alama tuliyoichagua barabarani, nyingine inapelekwa ukutani. Maji hutulia usawa mmoja pande zote mbili. Sasa alama zote zinasomwa kutoka sehemu moja. (Mapovu ndani ya mpira yataharibu kipimo. Yatoeni kwanza.)

Tukirudi darasani, vimo vinapangwa kwenye mchoro wa mtaa, na wanafunzi wanaunganisha vilivyolingana. Wamechora kontua zao wenyewe, za nusu mita. Hapo ndipo mazungumzo yananoga. Mbona nyumba iliyo mbali na mto imepata maji mengi kuliko iliyo jirani nao? Mtaro umeziba taka? Je, siku ile bahari ilikuwa bamvua, maji yamejaa kupita kawaida, mto ukakosa pa kumwaga haraka?

Na mbona watu hawahami? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baadhi wakarudi bondeni. Mwanafunzi aliyezungumza na mama muuza vitumbua anajua umbali wa Mabwepande hadi Kariakoo una maana gani kwa mtu anayeamkia biashara alfajiri.

Kwenye kusahihisha, orodha ya "sababu tano za mafuriko" naipa alama chache. Mtihani wa taifa utaitaka, wataikariri. Alama nyingi ninazitoa kwa aliyetabiri nyumba fulani ingefikiwa na maji, akakuta haikufikiwa, akaeleza kwa vipimo vyake kwa nini.