Udogo Uliopotea Katika Nomino za Kigiriki

Anayeanza kusoma Kigiriki cha kale hufundishwa mapema kwamba -ion ni kiambishi tamati cha udogo: pais ni mtoto, paidion ni kitoto. Kiambishi hicho huhamisha pia jinsia ya nomino, kama ki- yetu inavyoihamisha ngeli. Kore, yaani msichana, ni nomino ya kike, lakini korasion haihesabiwi kuwa ya kike wala ya kiume. Kanuni hiyo ni sahihi, ila anayeitegemea peke yake atakwama mara afunguapo Injili.

Tuchukue sikio, ambalo kwa Kigiriki cha kale ni us, na shina lake ni ot-. Marko, akisimulia kukamatwa kwa Yesu, anasema kwamba mtumwa wa kuhani mkuu alikatwa otarion, na Mathayo, kwa tukio hilohilo, ameandika otion. Maumbo yote mawili ni ya udogo, lakini hakuna kati yao aliyekusudia kutuambia kwamba sikio la mtu yule lilikuwa dogo. Umbo la udogo lilikwisha kuwa jina la kawaida la kiungo hicho, na afti ya Wagiriki wa leo imetokana na otion. Ndivyo omma, jicho, lilivyopitia ommation hadi kuwa mati, na ofis, nyoka, likawa fidi. Linalonivutia zaidi ni psari, samaki, kwa kuwa limetoka katika opsarion, udogo wa opson, ambalo maana yake ni kitoweo.

Mapenzi na mazungumzo ya nyumbani yalichangia mabadiliko haya, lakini naamini sarufi ilichangia zaidi, kwa sababu nomino kama us zilikuwa na minyambuliko migumu, ilhali zote za -ion hufuata mkondo mmoja.

Hisia hazikukosekana. Katika tamthilia ya Aristophanes kuhusu mawingu, mzee Strepsiades anamwita mwanafalsafa "Sokratidion" kwa kumbembeleza, na Aristotle, akieleza maumbo haya katika kitabu chake cha balagha, anahimiza yatumiwe kwa kiasi.

Baada ya -ion kuchakaa, kazi yake ilichukuliwa na viambishi vingine, hasa -aki: paidi, ambalo sasa ni mtoto tu, huzaa paidaki, na mwenyeji anayekukaribisha kafedaki hakupunguzii kahawa, bali anaulainisha mwaliko wake.