Kwa nini maandishi mekundu humezwa na bahari ya Nungwi?

Matangazo ya safari za baharini za Mnemba na Kizimkazi, Zanzibar, yanayozunguka kwenye simu yana sura moja: picha ya bahari ya feruzi, na juu yake bei kwa herufi nyekundu nene. Imani iliyopo ni kwamba nyekundu haikosi kuonekana. Si ndiyo rangi ya hatari, inayosimamisha magari kwenye taa? Lakini kiangalie vizuri kibao cha SIMAMA: uwanja ndio mwekundu, herufi ni nyeupe. Na tangazo la herufi nyekundu la ukutani husomeka kwa sababu ukuta wenyewe ni mweupe. Herufi hizo zikihamia juu ya bahari, mtu ataona kuna kitu chekundu pale, ila kujua ni shilingi ngapi itabidi akodoe macho. Dawa inayokimbiliwa ni kukoleza wekundu na kunenepesha herufi, nayo haifiki penye ugonjwa.

Jicho hushika umbo la vitu vidogo, herufi zikiwamo, kwa tofauti ya mwangaza zaidi kuliko kwa tofauti ya rangi. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mchana mbele ya ukuta wa chokaa pale Mji Mkongwe, kwa mbali utaona kichwa na viganja tu. Akisogea mbele ya mlango wa nakshi wa mti mweusi, kanzu ileile inajitokeza mpaka mikunjo yake. Sasa mpe kanzu ya kijani hafifu, na ukuta uupake waridi hafifu: rangi ni mbili mbalimbali, ila mwangaza unakaribiana, na kingo zinaanza kuyeyuka tena.

Kwenye kioo cha simu jambo hili lina hesabu. Katika mwangaza wa nyeupe, kijani huchangia takriban asilimia 72, nyekundu 21, buluu 7 tu. Mwongozo wa WCAG 2.0, wa kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, uliotolewa mwaka 2008 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, hupima uwiano wa mwangaza kati ya herufi na kilicho nyuma yake kuanzia 1 hadi 21, na unataka angalau 4.5, au 3 kwa herufi kubwa. Chukua feruzi ya thamani 64, 224, 208, yaani viwango vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Nyekundu safi juu yake inapata 2.4. Nyeupe, inayopendwa na kila mtu, inapata 1.6, yaani ni mbaya zaidi. Nyeusi inapata 12.8. Tahadhari: kipimo hiki kilitungwa kwa rangi bapa, yaani iliyo moja kote, na bahari ya kwenye picha si bapa. Kwa haraka, igeuze picha yote iwe ya kijivu. Herufi zikipotea hapo, rangi haitaziokoa.

Nyeusi nayo inazama ikikutana na ubavu wa jahazi. Hapo mvishe yule bwana joho jeusi juu ya kanzu: mbele ya ukuta linaonekana joho, mbele ya mlango inaonekana kanzu. Ndiyo kazi ya mstari mweusi unaozungushwa herufi nyeupe, kama kwenye tafsiri za chini ya filamu. Programu ya kuhariri picha ya GIMP 3.0, iliyotoka 2025, inauchora mstari huo ndani ya kifaa chake cha maandishi. Kivuli laini au kufifisha kipande cha picha nyuma ya maneno pia hufaa.

Kisha kuna kioja cha JPEG. Waliobuni njia hii ya kubana picha walijua udhaifu wa jicho, kwa hiyo mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli (kila nukta ya picha), lakini mara nyingi pikseli nne hugawana rangi moja. Herufi iliyotegemea rangi peke yake ndiyo inayovuja kingo. Tangazo lililokuwa safi kwenye kompyuta ya mtengenezaji linaweza kumfikia mteja likiwa na 3 inayofanana na 8.