Saa janja ya afya: inachopima na inachokisia

Saa janja ya afya ni saa ya mkononi yenye vihisi vinavyosoma mwili wa aliyeivaa na kupeleka taarifa kwenye simu yake. Muuzaji hutaja mambo mengi: mapigo ya moyo, hatua, usingizi, oksijeni, presha, hata sukari. Lakini ukiigeuza nyuma na kuuliza kazi hizo zinafanywa na nini, vihisi vya msingi ni viwili: taa ndogo za kijani zenye jicho la kupokea mwanga, na kihisi cha mtikisiko. Namba nyingi zinazobaki ni hesabu zilizojengwa juu ya hivyo viwili. Kwa hiyo mnunuzi lazima atenganishe kinachopimwa na kinachokisiwa.

Mapigo ya moyo hupimwa kweli. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukidunda, mishipa midogo chini ya ngozi hujaa damu na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kabla ya pigo linalofuata huongezeka tena. Saa huhesabu mawimbi hayo. Ukiwa umetulia, hesabu hii huwa karibu na ukweli, na unaweza kuihakiki mwenyewe: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 60, kisha linganisha. Tofauti ya mapigo mawili matatu haina neno.

Kinachovuruga ni mwanya kati ya saa na ngozi. Mkanda ukilegea, mwanga wa jua huingia na saa huyumba kwa kila hatua. Ifunge upana wa kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono, ikaze kiasi cha kutoteleza. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, nayo hufyonza mwanga wa kijani, hivyo ngozi nyeusi hurudisha ishara hafifu zaidi, na saa duni inaweza kushindwa kuisoma. Piko nzito iliyochorwa kwenye kifundo wakati wa harusi inaweza kuziba mwanga vilevile. Hamishia saa mkono usiochorwa.

Kwa kipimo cha oksijeni kwenye damu, suala la ngozi ni zito zaidi. Hata vipimo vya kubana kidoleni vimeonekana kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu weusi. Mzee anayehema kwa shida apelekwe hospitali, hata kama saa inaonyesha asilimia 96.

Hatua huhesabiwa kwa jinsi mkono unavyorushwa mbele na nyuma, na hapa maisha ya Mtwara na Lindi huichanganya saa kila siku. Anayetwanga kwenye kinu anaweza kuongezewa hatua ambazo hakutembea, na abiria wa bodaboda kwenye njia ya makorongo vilevile. Anayesukuma mkokoteni, au anayepanda mlima na ndoo kichwani huku mkono umeishika, hupunjwa, kwa kuwa mkono wake hauchezi. Mkulima anayepalilia mikorosho asihangaike na hatua 10,000, namba iliyoenea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli zinazoongeza mapigo kwa kiasi, na jembe linahesabika. Aangalie dakika hizo, aache hatua.

Sasa presha, ambako saa hizi zinaweza kuumiza watu. Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa, na njia ya kuaminika nyumbani ni mashine yenye mkanda unaojaa upepo juu ya kiwiko. Zipo saa chache zenye mfuko wa upepo ndani ya mkanda wake. Zilizobaki hukisia kutokana na umbo la wimbi la mwanga, na baadhi huchanganya na umri na uzito uliojaza kwenye programu. Hata Samsung Galaxy Watch, yenye huduma hii katika baadhi ya nchi, hutaka kulinganishwa upya na mashine ya mkanda kila siku 28. Ukiletewa saa ya bei ndogo inayodai kupima presha, ivalishe kwenye kitambaa kilichokunjwa na ubonyeze. Ikikupa 120 kwa 80, umeshajua kuwa inabuni. Usiache wala kupunguza dawa za presha kwa namba ya saa. Nenda zahanati ukapimwe.

Kuhusu sukari hakuna mjadala. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Anayetumia insulini akifuata namba hizo anaweza kujidunga kupita kiasi na kuzimia.

Saa nyingine hurekodi umeme wa moyo kwa kuweka kidole pembeni kwa sekunde 30. Hiyo husaidia kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, lakini haigundui shambulio la moyo. Maumivu ya kifua ni safari ya hospitali mara moja, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, si ya kubonyeza saa.

Faida kubwa ya saa iko kwenye mwenendo wa siku nyingi. Andika mapigo yako ya asubuhi kabla ya kuinuka kitandani kwa wiki mbili. Kama kawaida yako ni 64 na asubuhi tatu mfululizo inasoma 80, kuna jambo: homa, upungufu wa maji, usingizi mbovu, au ujauzito. Homa hupandisha takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja. Saa haiwezi kukuambia ni malaria. Inakuhimiza ukapime damu mapema, na daftari hilo litamsaidia mganga kuliko maelezo ya kukumbuka.

Kuhusu utunzaji, pwani ni kali. Alama ya IP68, ya kuzuia vumbi na maji, hutokana na majaribio ya maji baridi, si ya chumvi. Wakulima wa mwani watafute yenye alama ya 5 ATM, yaani inayostahimili msukumo sawa na wa maji ya kina cha mita 50, na waisuuze kwa maji ya kisima kila wanapotoka baharini. Usichaji saa ikiwa juani. Joto huua betri. Unapobangua korosho ivue kabisa, kwa sababu mafuta ya ganda huchoma ngozi, na yakinaswa chini ya mkanda hukaa hapo na kuacha kidonda. Msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ivue pia, au baada ya kazi ioshe pamoja na mkono kabla ya kuirudisha.