Asilimia 0.01 Iliyobaki ni ya Nani?

Mzee mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliiweka mezani ripoti yetu ya kipimo cha vinasaba (DNA) cha ubaba, akaigonga kwa kidole. "Daktari, hapa mmeandika mimi ni baba kwa asilimia 99.99. Hii 0.01 iliyobaki ni ya nani?"

Wengi wakifika kwenye hiyo 99.99 hukunja karatasi na kuelekea kortini Milimani. Yeye aligusa penyewe.

Ripoti ya vinasaba hulinganisha maelezo mawili: kwamba mwanamume huyu ndiye baba, au kwamba baba ni mwanamume mwingine yeyote asiye wa ukoo wake. Mtoto hupokea nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo katika kila sehemu tunayopima ana alama mbili, nasi huziandika kwa namba. Tuseme mtoto ana 12 na 15, mama ana 12 na 14. Basi 12 ni ya mama, na 15 imetoka kwa baba. Aliyetajwa ana 15 na 18. Kama ndiye, angempa mtoto 15 mara 50 katika 100. Mwanamume mwingine je? Inategemea 15 imeenea kiasi gani katika jamii. Ikiwa ni alama 5 katika kila 100, tunagawanya 50 kwa 5, tunapata uwiano wa 10, yaani alama hiyo ina uwezekano mara 10 zaidi kama aliyetajwa ndiye baba. Ingekuwa imeenea, tuseme 25 katika 100, uwiano ungekuwa 2 tu. Kumtambua mtu Nairobi kwa sababu ana simu mkononi si utambuzi.

Uwiano wa sehemu moja huzidishwa kwa wa nyingine, na kwa kuwa maabara hupima sehemu 15, 20 au zaidi, jumla hufika maelfu, mara nyingi mamilioni. Sehemu moja isipolingana, hatumwondoi mtu papo hapo: alama hizi hubadilika zenyewe mara chache zinapopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Zikikataa kadhaa, huyo si baba.

Asilimia huja mwisho, na ndiyo inayopotosha watu. Ili uipate, lazima uamue ulianza na imani kiasi gani kabla ya kuona vinasaba. Kwa desturi maabara huanza nusu kwa nusu. Uwiano wa 10,000 ukianzia hapo unatoa 99.99. Lakini anza na nafasi 1 katika 1,000, na uwiano uleule unatoa karibu asilimia 91. Ndiyo maana mimi husoma uwiano kwanza.

Nikamuuliza mzee, "Una ndugu wa kiume?"

Alikuwa naye, mdogo wake, na wakati mimba ya mtoto ilipotungwa walikuwa wakiishi nyumba moja. Hapo hesabu inabadilika. Ndugu wa baba na mama mmoja wana vinasaba vingi vya pamoja, kwa hiyo 15 yetu ya nadra si nadra tena ndani ya nyumba yao: mdogo wake angeweza kumpa mtoto alama hiyo kama mara 27 katika 100. Ule uwiano wa 10 unashuka chini ya 2. Ripoti haikukosea, ilijibu swali tuliloulizwa, na hakuna aliyemtaja ndugu.

Ugumu zaidi uko kwenye mirathi, baba akishazikwa na mtoto asiyejulikana akajitokeza. Hapo hupimwa anayedai pamoja na watoto wanaojulikana, kuona kama ni wa baba mmoja. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti wanaweza wasilingane kabisa katika sehemu nyingi na bado wakawa ndugu. Kati ya baba na mtoto, kutolingana ni pigo kubwa. Kati ya ndugu hawa, kunapunguza uwiano kwa nusu tu. Jibu hubaki katikati mara nyingi, na wakili akiligeuza kuwa "ndiyo" au "hapana", anaongeza lake. Pia, kwa vipimo hivi vya kawaida pekee, ndugu wa baba mmoja hatofautiki na mjomba wala babu.

Kuna njia za kusaidia. Leteni mama wa anayedai, ili tujue alama zipi ni zake. Kama wote ni wanaume, kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume pekee, hushuka kwa baba hadi kwa mwana, ingawa ami na binamu wa upande huo wanayo pia. Mabinti wa baba mmoja hupokea kromosomu X ileile aliyonayo baba, na hiyo ina nguvu sana. Na baba akiwa na wazazi walio hai, wapimeni hao kwanza; wana thamani kuliko ndugu wengi.

Mdogo wa yule mzee alikuja Jumatatu, akasuguliwa pamba ndani ya shavu, dakika moja imekwisha. Sehemu saba hazikulingana na za mtoto. Mzee aliposikia, alivuta ripoti yake ya kwanza akaitazama tena ile 0.01, kisha akasema, "Sasa ndugu yangu aliyebaki Kitui naye je?"

Tulimwita pia.