Je, wajua kwa nini papa wa Réunion hawezi kufika Mwanza?

Mtoto anayekulia Mwanza hufunzwa mapema vya kuogopa majini: mamba, kiboko, kichocho, na upepo unaovuma ghafla wakati mtumbwi uko mbali na nchi kavu. Papa hatajwi. Ukiuliza pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwa nini hayumo, utajibiwa upesi kwamba papa ni wa maji chumvi na ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi. Wengi huridhika na jibu hilo. Lakini papa aliyekitia hofu kisiwa cha Réunion analikanusha.

Réunion ni kisiwa cha volkano katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kilicho chini ya Ufaransa. Kati ya mwaka 2011 na Mei 2019, papa waliua watu 11 huko. Kwetu tunaokumbuka kivuko cha MV Nyerere, kilichozama Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220, hesabu hiyo yaweza kuonekana ndogo. Ila duniani kote papa kwa kawaida hawaui hata watu 10 kwa mwaka mzima, na Réunion ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,500 tu. Nchi kavu ya Mkoa wa Mwanza ingezimeza Réunion tatu na nafasi ikabaki. Wengi wa waliokufa walikuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Julai 2013, baada ya msichana wa miaka 15 kuuawa karibu kabisa na ufuko wa ghuba ya Saint-Paul, serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuteleza mawimbini, isipokuwa ndani ya matumbawe na sehemu zenye ulinzi.

Kwa nini hapo? Wenyeji wanabishana hadi leo. Wavuvi na wateleza mawimbi wengi wanailaumu hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2007 upande wa magharibi, kwamba imegeuka stoo ya chakula cha papa. Wengine wanakumbusha kuwa miaka ya 1990 biashara ya nyama ya papa ilisimamishwa kwa hofu ya sumu, hivyo hakuna tena aliyehangaika kuwavua. Zote mbili zaweza kuwa na ukweli ndani yake, lakini mimi navutwa zaidi na habari ya maji ya tope. Kisiwa kile hupata mvua ya ajabu: Januari 1966, milimita 1,825 zilinyesha mahali pamoja ndani ya saa 24, rekodi ya dunia. Maji hushuka milimani kwa kasi na kuichafua bahari kwenye midomo ya mito. Pwani ya magharibi, yenye fukwe nzuri, ndiyo iliyojaa nyumba na hoteli, na ndiko mashambulizi mengi yalikotokea, hasa maji yakiwa na tope au jua likielekea kuzama.

Mwindaji anayependa maji ya namna hiyo ni papa mnene mwenye pua fupi butu, anayejulikana kusini mwa Afrika kama papa wa Zambezi. Papa mwenye milia ubavuni naye anahusika katika baadhi ya vifo vya Réunion, lakini huyu wa pua butu ndiye anayetuhusu, kwa sababu maji baridi hayamzuii. Mwilini mwake kuna chumvi na urea nyingi, hivyo akiingia mtoni maji humvamia kupitia matamvua. Papa wengi wangekufa. Yeye hupunguza urea mwilini, figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, na tezi iliyo mwishoni mwa utumbo, ambayo baharini hufanya kazi ya kutoa chumvi, hupunguza kasi. Majike huzalia midomoni mwa mito, mahali ambapo papa wakubwa wa kuwala watoto ni wachache. Ameshaonekana Iquitos nchini Peru, maelfu ya kilomita kutoka mdomo wa Mto Amazon, na huingia Ziwa Nicaragua kwa kupanda Mto San Juan.

Basi kama ziwa la maji baridi kule Nicaragua lina papa, letu limeponaje?

Ziwa Nicaragua liko mita 32 hivi juu ya usawa wa bahari. Victoria liko mita 1,134. Maji yetu hutoka ziwani kupitia Mto Nile pale Jinja, yakapita Ziwa Kyoga, kisha yakabanwa kwenye mwanya wa miamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43 kwenye Maporomoko ya Murchison. Mbele yake kuna maporomoko ya Sudan na bwawa la Aswan, na mwisho wa safari ni Bahari ya Mediterania, ambayo si makazi ya papa huyu. Kutoka Bahari ya Hindi aliko, hakuna mto hata mmoja unaofika huku.

Murchison si ukuta wa papa peke yake. Sangara, samaki anayeendesha viwanda vya minofu vya Mwanza, alikuwako Ziwa Albert, chini ya maporomoko hayo, tangu zamani na hakuweza kuyapanda. Alifika Victoria miaka ya 1950 kwa sababu binadamu walimbeba na kumpandikiza.

Je, mtu akimbeba papa naye? Jambo linalokaribia hilo limewahi kutokea Australia. Mafuriko ya mwaka 1996 yaliwaingiza papa hawa katika bwawa la uwanja wa gofu karibu na Brisbane, mto ukarudi chini, wakanasa. Waliishi humo miaka mingi. Haikuthibitika kwamba walizaana. Papa wa Mwanza angeshiba sangara na sato miaka kadhaa, kisha angekufa bila kuacha mtoto.