Kisukari si msalaba

Kwenye kicheni pati ya Jumamosi iliyopita, somo alimfunda bibi harusi vizuri tu mpaka alipofika kwa waume walevi. "Akikupiga vumilia, mwanangu. Huo ndio msalaba wako." Akina mama wakaitikia amina. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshasikia kisukari kikiitwa msalaba, mguu wenye baridi yabisi ukiitwa msalaba, na mkwe mmoja pia.

Kujitwika msalaba ni kukubali kwa hiari yako hasara inayokupata kwa sababu unamfuata Yesu. Usingemfuata, hasara hiyo isingekuwapo. Kisukari humpata hata asiyejua mlango wa kanisa uko upande gani.

Neno lenyewe ni Kiarabu, salib, na herufi zake tunazo pia katika sulubisha. Kwa Warumi kilikuwa chombo cha kuulia watu hadharani, na aliyeonekana barabarani amebeba boriti lake hakuwa anaelekea shambani. Waliomsikia Yesu hawakuwaza maumivu ya goti.

Lakini mimi linaloniudhi zaidi ni kwamba tunaruka kitenzi, na kitenzi hicho ni chetu. Aliyewahi kuchota maji kisimani anajua kutwika. Unaweka ngata kichwani, unamwita mwenzio, "njoo unitwike," naye anakuinulia ndoo. Kujitwika ni jambo jingine: unapiga goti, unainua ndoo mwenyewe na kuiweka kichwani mwenyewe. Hakuna anayejitwika kwa bahati mbaya. Biblia ya Union Version, Luka 9:23, inasema "ajitwike msalaba wake kila siku", na kabla ya hapo kuna "akitaka". Simoni wa Kirene ndiye aliyetwikwa, kwa kushurutishwa, akiwa anatoka zake shamba. Wanafunzi hawakushurutishwa. Tena katika Luka 14 wanaambiwa waketi kwanza wahesabu gharama, kama mtu anayetaka kujenga mnara. Ugonjwa nani aliwahi kuuhesabia gharama kabla haujamwingia?

Uganda, Februari 1977, maaskofu wa Kanisa Anglikana walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji ya raia. Askofu Mkuu Janani Luwum alijua anaandikiwa nani. Tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Angenyamaza, huenda angekufa mzee kitandani. Ile barua ndiyo kujitwika. Na kwa kuwa Luka ameongeza "kila siku", wengi wetu hatutafika kwa Amin. Tutaishia kwenye risiti ya uongo ambayo bosi anataka tuitie saini, na kibarua kitakachoota nyasi tukikataa. Hiyo ni gharama halali kabisa, ingawa haina sanamu wala sikukuu.

Sasa, sisemi mgonjwa hana neno lake. Analo, na Paulo ndiye aliyelitumia: mwiba. "Nalipewa mwiba katika mwili," anasema katika 2 Wakorintho 12. Alipewa, hakujitwika. Na alichofanya Paulo na mwiba wake ni kuomba mara tatu umtoke. Hakutolewa, akapewa neema ya kuishi nao, lakini kuomba aliomba, na hakuna aliyemkemea kwa kuukimbia msalaba.

Kwa hiyo somo yangu mpendwa, na najua ulisema kwa upendo: ngumi za mume mlevi si msalaba, na wala mwiba sidhani. Bibi harusi hakuzichagua, hazimpati kwa ajili ya Injili, na anayezirusha ana jina na anaweza kuambiwa aache. Safari nyingine ukifika hapo, mwambie binti namba ya simu ya shangazi yake anayekaa karibu, halafu uendelee na mapishi.